Bwana Joule na Hesabu ya Joto la Umeme



Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Uingereza, jina lake James Prescott Joule, aliyetufundisha kuhesabu joto litokalo katika waya wa umeme. Mtu huyu hakuwa mwalimu wa chuo kikuu, wala hakuwa mhandisi wa serikali, wala hakulipwa mshahara wowote kwa kazi hii. Alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha bia, na majaribio yake aliyafanya nyumbani, kwa mapenzi yake mwenyewe. Walakini kipimo cha kazi na joto kinachotumika leo katika shule za dunia nzima chaitwa kwa jina lake, nasi kwa Kiswahili twakiita juli. Tutazame alifikaje huko, maana njia aliyoipita ina mafundisho mengi kuliko sifa aliyoipata mwishoni.

ELIMU YA UMEME ZAMANI ZILE

Katika mwaka wa 1800 Alessandro Volta, mtaalamu wa Italia, aliandika habari za chombo kipya alichokibuni. Alichukua vipande vya madini ya namna mbili, akavipanga kimoja juu ya kingine, na katikati ya kila jozi akatia kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Chombo hicho kilitoa umeme mfululizo, si cheche moja tu iliyokwisha mara. Hiyo ndiyo asili ya betri. Basi watu wa Ulaya wakaanza kucheza na umeme: wengine waliuona ukipasha waya moto hata ukawa mwekundu, wengine waliuona ukigeuza chuma kuwa sumaku. Mambo ya ajabu yalikuwa mengi, lakini hesabu ilikuwa chache.

Miaka 27 baadaye Georg Ohm, mwalimu wa shule katika mji wa Cologne, Ujerumani, alitoa kitabu chenye kanuni moja fupi. Mtaielewa kanuni yake mkifikiri habari za maji. Maji yaliyo juu mlimani hushuka kwa msukumo mkubwa, na yale yaliyo karibu na tambarare hushuka polepole. Tena mfereji mpana huyaacha maji yapite, na mfereji mwembamba huyazuia. Kadhalika umeme: betri ina msukumo wake, waya una uzuio wake, na mkondo upitao hulingana na hayo mawili. Msukumo ukiwa maradufu, mkondo nao huwa maradufu. Uzuio ukiwa maradufu, mkondo hupungua ukawa nusu. Wakubwa wa elimu wa nchi yake hawakumpokea vema, naye akaiacha kazi yake ya ualimu. Hata mwaka wa 1841 ndipo Chama cha Kifalme cha Elimu cha London kilipompa nishani. Kwa hiyo kanuni ya Bwana Ohm ilikuwako, lakini haikujibu swali moja: waya ukipata moto, joto lile lapatikana kwa kadiri gani?

KIJANA WA SALFORD

James Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 katika Salford, karibu na Manchester, mji uliojaa viwanda vya nguo na mitambo ya mvuke. Utotoni mwili wake haukuwa na nguvu sana, kwa hiyo alifundishwa nyumbani. Katika mwaka wa 1834 baba yake alimpeleka, pamoja na kaka yake, kwa mzee John Dalton, mwalimu maarufu aliyewafundisha watu habari za atomu. Mzee Dalton hakuwaanzisha vijana wale kwa mambo ya ajabu. Aliwaanzisha kwa hesabu na jiometri, na kemia ikafuata baadaye. Mwaka wa 1837 mzee alipatwa na ugonjwa wa kupooza, masomo yakakatika. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha pandwa. Tangu siku zile Joule hakuridhika kamwe na kusema kwamba kitu fulani ni moto au ni baridi. Alitaka kujua ni moto kwa kadiri gani.

TAMAA YA MTAMBO USIO NA MOSHI

Zamani hizo watu wengi walishikwa na tamaa ya kuunda injini iendayo kwa sumaku za umeme. Katika mwaka wa 1838 Moritz Jacobi aliendesha mashua kwa nguvu ya betri katika mto Neva huko St. Petersburg, Urusi, ikichukua watu zaidi ya kumi. Habari hiyo ilienea kila mahali. Watu wakasema, kesho na keshokutwa mitambo ya mvuke itatupwa, na makaa ya mawe hayatakuwa na kazi. Hata walikuwako waliodhani kwamba injini ya namna hiyo yaweza kuongezwa nguvu bila mwisho na bila gharama kubwa.

Kijana Joule naye aliingia katika tamaa hiyo. Mwaka ule ule wa 1838, akiwa na umri wa miaka 19, alipeleka katika gazeti la elimu ya umeme maelezo ya injini aliyoiunda mwenyewe. Katika maandiko yake ya mwanzo alikuwa na hakika karibu kamili kwamba umeme utachukua mahali pa mvuke. Si ajabu kufikiri hivyo kwa mtu aliyekulia karibu na viwanda. Kila siku aliona makaa yakiteketea na moshi ukitanda juu ya mji.

Lakini injini yake haikwenda kama alivyotumaini. Aliongeza betri, na nguvu iliongezeka. Lakini zinki iliyokuwa ikiliwa ndani ya betri iliongezeka vilevile, na nyaya za sumaku zikapata moto. Hapo mtu mwingine angalisema bahati mbaya, akabadilisha kipande hiki na kile. Joule aliuliza swali la mwenye duka: ni kiasi gani kinaingia, ni kiasi gani kinatoka, na kile kinachopotea chapotelea wapi?

WAYA NDANI YA MAJI

Kwanza ilimpasa apate kipimo cha mkondo wa umeme, kwa kuwa wakati huo ampea ilikuwa haijawekwa. Watu walipima kila mtu kwa namna yake, hata hesabu ya mtu mmoja haikuweza kulinganishwa na ya mwenziwe. Joule alijua kwamba umeme ukipita katika maji huyatenganisha kuwa gesi mbili. Basi akaweka kipimo chake: mkondo uwezao kutenganisha kiasi fulani cha maji kwa saa moja, huo ndio mkondo wa digrii moja. Kwa njia hiyo mtu yeyote, popote alipo, angaliweza kurudia kazi yake na kuona kama ni kweli.

Halafu akachukua bomba jembamba la kioo, akauzungusha waya juu yake, akautia ndani ya mtungi wa maji aliyokwisha kuyapima. Akapitisha umeme, akangoja, akasoma kipimajoto. Akatia nyaya mbili za shaba zenye urefu sawa, mmoja mnene na mmoja mwembamba, kila mmoja katika mtungi wake, na mkondo ule ule ukapita katika zote mbili. Waya mwembamba uliyapasha maji yake zaidi, kwa kadiri ya uzuio wake. Kisha akabadili mkondo, leo mdogo, kesho mkubwa, akaandika kila alichokiona.

Kanuni aliyoipata, akaipeleka London mwezi wa Desemba 1840, ni hii: joto litokalo katika waya ni sawa na uzuio wa waya, mara mkondo, mara mkondo tena. Yaani mkondo wazidishwa kwa nafsi yake. Mkondo ukiwa 1, tuseme joto ni 1. Mkondo ukiwa 2, joto si 2 bali ni 4. Mkondo ukiwa 3, joto ni 9. Mkondo ukiwa 10, joto ni 100.

Kwa nini iwe hivyo? Turudi kwa Bwana Ohm. Ukitaka kupitisha mkondo maradufu katika waya ule ule, huna budi kuusukuma kwa msukumo maradufu. Basi umeme upitao ni mara mbili, na kila sehemu yake imesukumwa kwa nguvu mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Hakuna siri nyingine.

Chama cha Kifalme kilipiga chapa muhtasari tu wa makala yake. Makala kamili ilitokea mwaka uliofuata katika gazeti jingine la elimu. Na kwa haki yapasa tuseme kwamba Heinrich Lenz wa Urusi, akifanya kazi mbali na Joule bila kutegemea majaribio yake, aliipata kanuni hiyo hiyo, akaitangaza mnamo mwaka wa 1842. Kwa hiyo mahali pengine kanuni hii huitwa kwa majina yao wote wawili.

MIZANI YA ZINKI NA MAKAA

Sasa Joule alikuwa na daftari la umeme. Katika mwaka wa 1841 aliitumia hesabu yake kuipima ile tamaa yake ya zamani. Aliuliza: ratli moja ya zinki ikiliwa ndani ya betri nzuri, yaweza kuinua mzigo gani? Akaona kwamba, kwa injini yake, yaweza kuinua ratli 331,400 kwa kimo cha futi moja. Hesabu hiyo yaonekana kubwa. Lakini injini bora za mvuke za Cornwall, zilizokuwa zikivuta maji katika machimbo, ziliinua ratli zipatazo 1,500,000 kwa futi moja, kwa ratli moja ya makaa. Yaani makaa yalishinda karibu mara tano. Na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa, tena ilihitaji tindikali zenye kununuliwa kwa fedha.

Basi Joule akasimama mbele ya watu wa Manchester, akawaambia wazi kwamba amekaribia kukata tamaa ya kuiona injini ya betri ikishindana na mvuke kwa unafuu. Alikuwa na umri wa miaka 22. Angaliweza kuuficha ukweli huo, maana wasikilizaji wake walitaka kusikia habari za maajabu. Hakuuficha. Nami naona kwamba siku hiyo alifanya jambo kubwa kuliko kuunda injini, kwa sababu alikubali kushindwa na hesabu yake mwenyewe, asiigeuze hesabu ili ifuate moyo wake.

Wala hesabu hiyo haikusema kwamba injini ya umeme ni kitu bure. Ilisema kwamba umeme utokao katika zinki ni ghali. Baadaye watu walipojifunza kuufanya umeme kwa mitambo izungushwayo na mvuke au na maji ya mito, injini za umeme zilienea duniani kote. Daftari lilikuwa sahihi. Bei ya kitu kimoja ndiyo iliyobadilika.

JOTO NI KAZI

Swali moja lilibaki. Joto la waya latoka wapi? Wataalamu wengi wa zamani zile waliamini kwamba joto ni kitu chepesi kama maji yasiyoonekana, kitokacho mahali pamoja na kuhamia pengine, wala hakiwezi kuumbwa na mtu. Kama ni hivyo, waya ukipata joto, yapasa sehemu nyingine ipungukiwe na joto. Joule alitafuta sehemu hiyo asiione. Akazungusha sumaku ya umeme ndani ya maji kwa nguvu ya mawe ya mizani yashukayo, wala betri haikutoa joto hilo, na maji yakapata moto. Hapo hapakuwa na mahali palipopungukiwa na joto. Kilichopungua ni kimo cha mawe tu.

Ndipo alipotambua kwamba kazi yenyewe hugeuka kuwa joto, na kwamba mabadilishano haya yana bei yake isiyobadilika, kama shilingi na senti zake. Mwezi wa Agosti 1843 alisoma habari hiyo mbele ya mkutano wa wataalamu katika mji wa Cork, Ireland. Walimsikiliza, wakanyamaza. Alisema kwamba kupasha moto ratli moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit kwahitaji kazi ya kuinua ratli 838 kwa futi moja. Hesabu hiyo ilikuwa haijawa safi, naye alijua.

Basi akatafuta njia iliyo rahisi zaidi. Akaweka makasia ya shaba ndani ya chombo cha maji, akayazungusha kwa kamba iliyovutwa na mawe yashukayo. Makasia yaliyakoroga maji, maji yakapata joto kidogo sana, pengine chini ya digrii moja. Joto hilo dogo huwezi kulijua kwa kidole. Kwa hiyo fundi hodari wa Manchester, John Benjamin Dancer, alimtengenezea vipimajoto ambavyo kwa hivyo Joule aliweza kusoma sehemu moja ya mia mbili ya digrii. Wengi hawakusadiki kwamba mtu aweza kusoma hivyo. Lakini wao hawakuzoea kiwanda cha bia, ambako digrii moja ikikosewa mali huharibika.

Mwezi wa Juni 1847 alikwenda Oxford kwenye mkutano mwingine. Mwenyekiti alimtaka aseme kwa kifupi. Jambo lote lingalipita kama maneno ya barabarani, lakini alikuwako kijana mmoja, William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, akayatia maneno yale moyoni. Mwanzoni hata yeye aliona shaka. Baadaye alisadiki, wakawa marafiki, wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Kijana huyo ndiye aliyeitwa baadaye Lord Kelvin. Na huko Ujerumani daktari mmoja, Julius Robert Mayer, alikuwa amekwisha kuandika katika mwaka wa 1842 kwamba kazi na joto hubadilishana kwa bei moja. Naye pia alikaa muda mrefu bila kusikilizwa.

Katika mwaka wa 1850 Joule alitoa hesabu yake mashuhuri: si 838, bali 772. Wapimaji wa leo, wenye vyombo ambavyo yeye hakuviota, hupata 778. Mtu aliyefanya kazi nyumbani kwake alikosea kwa sehemu isiyofika moja katika mia. Mwaka huo huo Chama cha Kifalme, kilichopiga chapa muhtasari tu wa makala yake ya kwanza, kilimfanya kuwa mmoja wa wanachama wake.

VIPIMO TUNAVYOTUMIA LEO

Mkutano wa mataifa uliofanyika Paris mwaka wa 1881 uliweka vipimo vya umeme. Msukumo hupimwa kwa volti, mkondo kwa ampea, na uzuio kwa omu, kwa heshima ya yule mwalimu wa Cologne. Katika mwaka wa 1882 William Siemens alishauri kwamba kazi na joto vipimwe kwa juli, na kazi ya kila sekunde kwa wati. Mkutano mwingine wa Paris uliyakubali majina hayo mwaka wa 1889. Bwana Joule alikuwa angali hai. Alifariki tarehe 11 Oktoba mwaka huo huo.

Sasa, wanafunzi, shikeni kanuni mbili. Ya kwanza: volti mara ampea ni wati. Ya pili, ndiyo ya Bwana Joule: ampea mara ampea mara omu ni wati za joto ndani ya waya.

Tufanye hesabu ya kweli. Taa ya wati 60 ikiwashwa kwa umeme wa volti 240, gawanya 60 kwa 240, utapata robo ya ampea. Tuseme waya uendao na urudio una uzuio wa nusu omu. Robo mara robo mara nusu ni sehemu moja ya 32 ya wati. Joto hilo si kitu. Sasa chukua taa nyingine ya wati 60, lakini ya betri ya volti 12, kama zile watu wengi wa vijijini wazijazazo kwa nguvu ya jua. Gawanya 60 kwa 12, utapata ampea 5. Kwa waya ule ule, 5 mara 5 mara nusu ni wati 12 na nusu. Mkondo umeongezeka mara 20, na joto la waya limeongezeka mara 400! Tena volti 2 na nusu zimepotea njiani, na taa yafifia. Mwenye nyumba hulaumu betri, kumbe waya ndio mwizi. Dawa yake ni kununua waya mnene, au kuufupisha.

Kwa hesabu hiyo hiyo mwaka wa 1891 Wajerumani walipeleka umeme kutoka Lauffen mpaka Frankfurt, safari ya kilometa 175. Walitumia msukumo mkubwa wa volti 15,000 ili mkondo uwe mdogo, na robo tatu hivi ya nguvu ilifika salama. Hii ndiyo sababu ya nguzo ndefu za umeme zipitazo katika mapori yetu: msukumo mkubwa, mkondo mdogo, joto dogo.

Fundi wa nyumbani apendaye kuunda vyombo naye ana haja ya kanuni hizi. Tuseme ana taa ndogo ya kisasa itakayo volti 3, na betri yake ni ya volti 12. Yambidi atie kizuio kichukue volti 9 zilizobaki. Mkondo ukiwa ampea 0.02, joto la kizuio ni 9 mara 0.02, yaani wati 0.18, kizuio kidogo cha robo wati chatosha. Lakini akitumia taa kubwa yenye mkondo wa ampea 0.3, joto ni wati 2.7. Akitia kizuio kidogo cha robo wati, kitaungua mbele ya macho yake. Hesabu ya nusu dakika ingalimwonya.

Hata birika la maji lina hesabu yake. Kupasha moto lita moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi kwahitaji juli zipatazo 4,200. Toka digrii 20 mpaka 100 ni digrii 80. 80 mara 4,200 ni juli 336,000. Birika la wati 1,000 hutoa juli 1,000 kila sekunde, basi litahitaji sekunde 336, karibu dakika 6, na zaidi kidogo kwa sababu joto jingine hupotea hewani.

TAHADHARI

Nimewaeleza haya si kwa ajili ya mitihani peke yake. Joto la waya halina macho. Katika birika twalitaka. Katika ukuta wa nyumba laweza kuunguza watoto wetu. Ndiyo maana tangu mwaka wa 1880 Thomas Edison aliweka katika hati zake waya wa usalama, ule uyeyukao kwanza mkondo unapozidi, nao huitwa fyuzi. Fyuzi ikiungua imekuambia neno: mkondo umezidi, tafuta sababu. Mtu anayetia msumari au waya mnene mahali pake amemziba mdomo mlinzi wake, na baada ya hapo waya wa ukutani ndio utakaokuwa fyuzi. Vivyo hivyo msitumie waya mrefu uliokunjwa kama kamba kwa kuwashia vyombo vikubwa. Joto la kila mzunguko humzidishia jirani yake, wala halina njia ya kutoka. Tena hesabu hizi mzifanye kwa kalamu na kwa betri ndogo. Umeme wa volti 240 huua. Kazi yake ni ya fundi aliyehitimu.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bwana Joule aliweka daftari la umeme, akaandika kila kiingiacho na kila kitokacho, akaona kwamba kilichodhaniwa kimepotea hakikupotea, bali kimegeuka kuwa joto. Yeye mwenyewe aliamini kwamba nguvu alizoziumba Mungu mwanadamu hawezi kuziangamiza. Katika makaburi ya Sale, karibu na Manchester, jiwe la kaburi lake limechorwa hesabu ya 772.55, matokeo ya jaribio lake la mwisho la kupima bei ya joto na kazi.

Sasa nawaachia wanafunzi swali moja. Taa ya wati 24 imewashwa kwa betri ya volti 12. Waya uendao na urudio una uzuio wa robo omu. Je, ni wati ngapi zinazopotea kwa joto ndani ya waya? Msikisie, hesabuni. Mkipata wati 1, mmeifuata njia ya Bwana Joule.